UZI: Ukiona gofu limependeza kwenye mchoro, jua kuna mtu kalichezea

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mpiga picha za harusi, kazi zangu nyingi ziko mwambao. Mwezi uliopita nilipata maharusi waliotaka kupigwa kwenye magofu. Wao siwataji, na gofu silitaji. Tukafika jua la saa kumi na moja, ukuta wa matumbawe umeiva rangi ya asali, nikapiga. Nyumbani nikakaa kwenye kompyuta kusafisha. Nguzo ya umeme nikafuta, chupa za maji nikafuta, bango la kiingilio nikafuta. Kuna mama alikuwa anapita nyuma ya tao na mzigo wa kuni kichwani, naye nikamfuta. Ukuta wa kushoto ulikuwa umenyooka mno kama wa juzi, nikaumegua kidogo juu kwa programu. Picha ikatoka. Bibi harusi akalia kwa furaha, hela ikaingia.

Wiki haijaisha, niko nasoma habari za wachoraji wa zamani wa Ulaya, wale wanaoitwa wa Uromantiki, nikakutana na mchungaji wa kanisa, Mwingereza, aliyetamani kufanya kilekile nilichofanya, ila yeye kwa nyundo. Nikasema hili silali nalo.

Jamaa anaitwa William Gilpin. Mwaka 1770 aliteremka kwa mashua mto Wye, mpakani mwa Uingereza na Wales, na 1782 akatoa kitabu cha safari hiyo. Mahali alipopasubiri kwa hamu ni abasia ya Tintern. Abasia mnazijua, hasa wenye ndugu Peramiho na Ndanda: makao ya watawa, kanisa kubwa katikati, mashamba, karakana, kila kitu. Tintern ilianzishwa 1131 na watawa Wasistersiani. Gilpin aliikuta haina paa, kuta zimesimama, mimea itambaayo imejaa kila ufa. Akapendezwa, lakini roho haikutulia. Zile pembetatu za ukutani zinazobaki paa likishatoka zilimkera kwa jinsi zilivyolingana. Akaandika kwamba nyundo ikitumiwa kwa busara ingesaidia kuvunja baadhi yake, ila nani atathubutu.

Nilicheka peke yangu kama chizi. Halafu nikafungua ile picha ya harusi nikautazama ule ukuta nilioumegua, kicheko kikaisha.

Turudi nyuma kidogo, maana mtu anaweza kudhani Tintern ilichakaa kwa uzee. Hapana. Mfalme Henry VIII alipokosana na Papa, kati ya 1536 na 1540 alifunga nyumba za watawa karibu 800 za Uingereza na Wales. Tintern ilikabidhiwa Septemba 1536. Vyombo vya thamani vikaenda hazina ya mfalme, ardhi ikaenda kwa bwana mkubwa wa maeneo yale, na paa likavuliwa mabamba ya risasi, yale madini mazito, yakauzwa. Jengo la mawe ukilivua paa kwenye nchi ya mvua umelihukumu. Mbao zinaoza, chokaa inalegea, kila mwenye shida ya jiwe anakuja na mkokoteni. Kwa hiyo uzuri aliokuwa anaushangaa Gilpin ni mahali palipoporwa, kisha pakanyeshewa miaka 230 na ushee.

Na hapakuwa patupu. Gilpin mwenyewe ameandika, na hapo nampa heshima yake: ndani ya magofu walikuwa wakiishi masikini kwenye vibanda, wakiomba wageni. Mama mmoja, miguu haimbebi vizuri, akajitolea kumwonyesha maktaba ya watawa. Wakamfuata anavyojikokota kwenye miiba na majani yanayowasha, akawaingiza kwenye mwanya kati ya kuta mbili, unyevu unachuruzika ukutani. Maktaba haikuwepo. Ndipo alipokuwa akilala yeye.

Miaka inaenda. 1792 anafika kijana wa miaka 17 na penseli yake, jina lake Turner, huyohuyo mchoraji Turner mnayemsikia. 1794 anaonyesha Tintern kwa rangi za maji kwenye maonyesho ya Royal Academy, London. Matao yamepanda mpaka shingo inakuuma kwa kutazama, majani yananing'inia kama mapazia, mwanga unapita palipokuwa na vioo. Watu ni wadogo, wa kukupa kipimo cha urefu tu. Vyuma je? Maana Gilpin alitaja pia viwanda vikubwa vya chuma visivyofika hata kilomita moja kutoka hapo, na kelele zake. Navyo vimebaki nje ya fremu.

Nikipata nafasi jioni nitaendelea na Mjerumani mmoja, huyo ndiye kiboko.

#2

Nimetandika mkeka, chai ipo. Tiririka mkuu.

#3

Mwanzisha uzi, mimi ni mgumu wa kuelewa. Hao mnaowaita wa Uromantiki, ni mambo ya mapenzi? Na kwa nini magofu ya watawa wakati Roma ipo na nguzo zake zote?

#4 Mwanzisha uzi

Swali zuri sana, kaka. Si mapenzi ya maua na chokoleti. Ni kizazi cha, tuseme, 1790 hadi 1840, kilichochoka kuambiwa kila kitu kinapimika kwa rula na akili. Wakataka usiku, ukungu, hofu, kifo, Mungu asiyeonekana sawasawa. Wasomi wa kabla yao gofu walilopenda ni la Roma au Ugiriki. Hawa wakageukia Zama za Kati, makanisa ya Kigothi na ngome za milimani. Na hilo jina Kigothi lilianza kama tusi, maana yake ujenzi wa washenzi.

Sasa huyo Mjerumani. Caspar David Friedrich, kazaliwa 1774 Greifswald, pwani ya Baltiki, sehemu iliyokuwa chini ya Sweden. Karibu na mji wao kuna Eldena, abasia nyingine ya Wasistersiani, ya matofali mekundu. Ilifungwa Waprotestanti walipoingia, vita vya karne ya 17 vikaichakaza, kisha Waswidi wakachukua matofali yake kujengea maboma ya mji. Friedrich alilirudia gofu hilo karibu maisha yake yote.

Kuna mchoro wake wa 1809 na 1810, uko Berlin, upana wake mita 1.7. Utafuteni hata kwenye simu, lakini ongezeni mwanga wa kioo, la sivyo hamtaona kitu. Katikati limesimama pande la ukuta lenye dirisha moja refu, vioo hakuna. Kushoto na kulia mialoni isiyo na jani hata moja, matawi yamejikunja kama vidole vya mzee. Juu mbingu ina mwanga hafifu wa manjano, na ukikaza macho utaona mwezi mwembamba. Chini giza limelala kwenye theluji kama maji machafu, misalaba ya makaburi imeinama huku na huku. Ndani ya giza hilo kuna msururu wa watawa wamebeba jeneza kuelekea mlangoni. Mbele kabisa, karibu na miguu yako wewe unayetazama, kuna kaburi limeachwa wazi.

Mimi kazi yangu ni picha, nikajiuliza alisimama wapi kupata pembe hiyo. Hakusimama popote. Ukuta ni wa Eldena, lakini mialoni kaitoa kwenye michoro yake mingine ya penseli, akaichomeka. Watawa walikuwa wameshaondoka hapo zaidi ya miaka 200. Anazika watu kwenye kanisa lisilo na paa, kitu ambacho Eldena ya wakati wake hukikuti.

Na kuna kali zaidi. Greifswald kuna kanisa linaitwa Jakobikirche. Lipo mpaka leo, lina paa. Friedrich kalichora likiwa gofu! Jengo zima, watu wanasali humo Jumapili, yeye kaliangusha kwenye karatasi.

Kwa nini? Jibu moja silijui, nina vipande tu. Alipokuwa na miaka 13 alipoteza kaka yake aliyezama kwenye barafu. Mama yao alikuwa ametangulia. Mwaka 1806 Napoleon aliichapa Prussia, ufalme wa Wajerumani, wanajeshi wa Kifaransa wakatapakaa nchi za Wajerumani. Mchoro ulipoonyeshwa Berlin 1810, aliyeununua ni mfalme wa Prussia mwenyewe, yule aliyechapwa. Mfalme aliyeshindwa vita ananunua mazishi kwenye magofu. Hiyo naiacha hapo.

#5

Mkuu unaandika vizuri ila unawapamba sana. Hao walikuwa wafanyabiashara kama wewe na maharusi wako. Kuanzia 1793 hadi 1815 Uingereza iko vitani na Ufaransa karibu mfululizo, tajiri wa London hawezi kwenda Italia kutembea. Kwa hiyo anatembea kwao, Wales, Scotland, kwenye maziwa ya kaskazini. Akirudi anataka kumbukumbu ya ukutani. Mchoraji anampa. Soko, basi.

#6 Mwanzisha uzi

Hapo hujakosea, na ngoja nikuongezee risasi za kunipiga nazo. Watalii hao walitembea na kioo kidogo cheusi, kimebinuka kidogo, kinaingia mfukoni. Ukifika penye mandhari unageuza mgongo, unanyanyua kioo, unatazama gofu ndani ya kioo. Rangi zinatulia, pembeni panafifia, kitu kinakuwa kama mchoro wa zamani. Ni filta ya simu, tofauti ni betri tu. Mshairi Thomas Gray mwaka 1769 alikuwa na chake mkononi, akaanguka chali kwenye njia yenye matope. Aliumia vifundo vya vidole, kioo kikapona.

Wenye pesa hawakuishia kwenye kioo. Ambaye shamba lake halikujaliwa gofu, alijenga. Sanderson Miller, mtaalamu wa mambo hayo Uingereza, alijenga ngome iliyokwisha kubomoka tangu siku ya kwanza kule Hagley, mwishoni mwa miaka ya 1740. Kassel, Ujerumani, mtawala alijengewa ngome nzima ya Zama za Kati kati ya 1793 na 1801, na mafundi wakapewa kazi ya kuifanya ionekane imeliwa na karne. Inaitwa Löwenburg. Fundi mwashi unaambiwa jenga, halafu unaambiwa jenga vibaya kwa ustadi. Sijui bei walipatanaje.

Lakini wa kumkalia kitako ni William Beckford. Baba yake alikufa yeye bado mtoto, akamwachia utajiri mkubwa wa Uingereza, na utajiri huo ulitoka kwenye mashamba ya miwa Jamaica, yaani migongo ya Waafrika watumwa. Akatamani abasia. Si ya watawa, yake binafsi. Kuanzia 1796 akajenga Fonthill, mnara wake ukapita mita 80, mafundi wakisukumwa mchana, na usiku kwa mienge. Turner alipelekwa akaichora. 1822 Beckford kafilisika, kauza. 1825 mnara ukaanguka wenyewe. Inasimuliwa kwamba msimamizi wa ujenzi akiwa kitandani anakufa aliungama kuwa msingi haukujengwa ulivyolipiwa.

Kwa hiyo Beckford alianza na abasia bandia, ikaisha gofu halali. Gilpin angekuwa hai asingehitaji nyundo.

#7

Msingi haukujengwa ulivyolipiwa 😂😂 kumbe wakandarasi ni walewale dunia nzima.

#8

Salaam alaykum jamaani. Mimi ni wa Lamu, mwalimu mstaafu, nimesoma yote kimya nikaona niseme moja.

Wakati hao wanazunguka na vioo vyao, karne ya 18 inaisha na ya 19 inaanza, huku kwetu Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga utenzi wa Al-Inkishafi juu ya magofu ya mji wa Pate. Magofu hasa, si ya kujengwa. Ukisoma utaona popo wananing'inia juu, bundi analia ndani ya nyumba, yale madaka ya ukutani yaliyokuwa yakipangwa sahani za kigeni yamekuwa viota vya ndege. Lakini kabla hajakuonyesha popo, anakuonyesha taa za kioo na za shaba zilizoufanya usiku wa nyumba zile uwe kama mchana, na watu wenyewe wakitembea kwa maringo. Anajua ni nyumba za nani. Kisha anaugeukia moyo wake mwenyewe, anauuliza utazinduka lini.

Basi mwanangu mpiga picha, nakuuliza. Katika hao wote uliowataja, yupo aliyejua chombo gani kilikaa kwenye daka?

#9 Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam, mwalimu wangu. Shikamoo.

Umenikamata pabaya. Nimekaa na swali lako toka jana usiku. Turner hapana. Gilpin hapana, ingawa angalau alimfuata yule mama mpaka ndani. Wordsworth ndiyo kabisa, ameandika shairi la 1798 lenye jina la Tintern kwenye kichwa, mistari zaidi ya 150, na abasia yenyewe ndani haimo hata kwa neno moja.

Wa karibu na swali lako nimempata mmoja, na hakuchora abasia. John Constable. Mwaka 1814 alipita Hadleigh, Essex, kuna ngome ya karne ya 13 juu ya kilima kinachotazama mto Thames unapoingia baharini. Akachora kidogo kwa penseli. Siku hizo alikuwa anamposa Maria, nyumbani kwao hawamtaki mchoraji, wanaandikiana barua tu, na hilo gofu alimweleza kwenye barua. Wakaoana 1816, wakapata watoto saba. Novemba 1828 Maria akafa kwa kifua kikuu. Na Constable akaurudia ule mchoro wa miaka 14 nyuma, akaupandisha rangi za mafuta kwenye turubai kubwa, akauonyesha 1829.

Minara miwili, mmoja umepasuka kutoka juu hadi chini, ndani unaona mbingu. Mchunga mifugo na mbwa wake. Ndege wa baharini. Rangi ameirushia vijidoa vyeupe, vingi, kama mtu anayetaka jiwe lenyewe lilowe. Hajui sahani za kwenye madaka ya Hadleigh, mwalimu, hilo nakubali. Lakini gofu hakulikodi kwa siku moja. Alikuwa na barua yake.

Ingawa na yeye hakuwa amesimama pale. Alikuwa studio, anachora kwa kumbukumbu na karatasi kuukuu. Kwa hiyo hata huyu kalichezea. Sijui nimsamehe kwa sababu ya msiba au vipi.

#10

Na Ufaransa? Mnawaruka wenye Mapinduzi yao.

#11 Mwanzisha uzi

Ufaransa inahitaji uzi wake, ngoja nipite haraka. Wao gofu lilikuwa bichi, vumbi halijatua. Abasia ya Cluny, kanisa lililokuwa kubwa kuliko yote ya Ukristo mpaka lilipojengwa la Mtakatifu Petro jipya Roma, iliuzwa 1798 kwa wafanyabiashara wakaigeuza machimbo ya mawe. Victor Hugo alipiga kelele kwa maandishi dhidi ya wabomoaji, na 1830 serikali ikaanzisha cheo cha mkaguzi wa majengo ya kale. Huko mapenzi ya magofu yalizaa ofisi, mihuri na mafaili.

Ila kuna mtu wa Paris siwezi kumruka maana ni babu yetu wapiga picha: Daguerre. Kabla hajatangaza picha zake za kamera 1839, alikuwa na ukumbi, anachora kitambaa kikubwa kinachopitisha mwanga, anamulika mbele na nyuma kwa zamu, watu wanakaa gizani kwenye jukwaa linalozunguka, mandhari inabadilika saa machoni pao. Moja ya aliyoonyesha ni kanisa la Holyrood la Edinburgh, gofu, mbalamwezi. Mchoro wake wa rangi za mafuta wa 1824 uko Liverpool. Yaani kabla ya kutupatia picha za kamera alikuwa ameshajifunza magofu yanavyouza tiketi.

#12

Dada hapa. Mimi nimebaki na jambo dogo kutoka post ya kwanza. Yule mama wa kuni. Ulimfuta, sawa. Ulihifadhi picha ya asili au umemfuta moja kwa moja?

#13 Mwanzisha uzi

Dada, swali hili nilikuwa naliogopa.

Friedrich alichora pia makaburi ya watawa kwenye theluji, kati ya 1817 na 1819, gofu tena, mialoni tena. Mchoro huo uliteketea Berlin 1945. Umebaki kwa picha ya rangi nyeusi na nyeupe tu. Nimeutazama sana wiki hii, najaribu kukisia anga lilikuwa la manjano kama lile lingine au la kijivu. Huwezi kujua.

Faili la asili ninalo, nimelifungua sasa hivi. Mama yupo, mguu wa kulia uko hewani, kuni zimefungwa kwa kamba ya katani. Khanga ya chini nyekundu, ya juu ina njano. Maandishi ya ukingoni yanasomeka nusu, nusu nyingine imeingia kwenye mkunjo. Nimekuza mpaka ikavunjika vipande. Kesho narudi kule, nina mtu nitamuuliza anakaa nyumba ipi.